Kibaba cha Mpagazi na Hesabu ya Kalori



Neno kalori limeshaingia majumbani mwetu. Kijana wa Kajaga anayekimbia jioni mchangani, kando ya Ziwa Tanganyika, akifika nyumbani hufungua simu na kuandika alichokula: chapati ngapi, mayai mangapi, wali kiasi gani. Mama humtazama akashangaa, kwa sababu kwake chakula hupikwa, huombewa baraka na huliwa, hakihesabiwi. Baba naye husema haya ni mambo ya Ulaya. Matokeo yake ni kwamba kijana anahesabu peke yake, na wazazi, ambao ndio wanaonunua na kupika, hawamo katika mazungumzo.

Katika makala hii tunapenda kuonyesha kwamba kupima chakula kwa kukilinganisha na kazi ya mwili ni jambo la zamani sana kwetu. Lugha hii ya Kiswahili ilipofika katika ufuo huu ilikuja na kipimo chake cha chakula, nacho ni kibaba. Tukijua historia ya kibaba tutaielewa kalori kwa urahisi, na tutajua pia kwa nini miili yetu leo inatuletea matatizo ambayo babu zetu hawakuyajua.

NJIA ILIYOPITA KARIBU NA KAJAGA

Kajaga ipo kaskazini magharibi ya Bujumbura, katika njia iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo. Mto Rusizi unaingia ziwani karibu na hapo, na ng'ambo ya maji unaiona milima ya Uvira. Leo watu wengi wanaijua Kajaga kwa nyumba zake mpya na fukwe zake. Lakini kona hii ya ziwa iliwahi kuwa mwisho wa safari ndefu iliyoanzia pwani ya Bahari ya Hindi.

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Kutoka Ujiji watu walipanda mitumbwi kwenda kaskazini mpaka Uvira. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858, na mwezi Aprili mwaka huo wakafika Uvira kwa mitumbwi. Mwaka 1871, mwezi Novemba, Henry Stanley na David Livingstone walisafiri kutoka Ujiji mpaka mdomo wa Rusizi, wakaona kwa macho yao kwamba mto ule unaingia ziwani, wala hautoki. Huko Mugere, kilomita chache kusini mwa Bujumbura, lipo jiwe lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871.

Wageni hao wameandikwa sana. Lakini mizigo yao haikutembea yenyewe. Ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na watu wa pwani, na lugha iliyotumika njiani ilikuwa Kiswahili. Ndani ya Burundi Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia wafanyabiashara hao wasiitawale nchi yake, ila kandokando ya ziwa lugha ilibaki, na Uislamu ukabaki. Waswahili wa Buyenzi, Rumonge na Nyanza-Lac ni ushahidi wa historia hiyo. Pamoja na lugha yalikuja maneno ya msafara: mzigo, frasila, posho, pishi na kibaba.

KIBABA NI NINI?

Kibaba ni chombo cha kupimia nafaka. Vibaba vinne hufanya pishi moja. Burton, ambaye aliandika kwa makini vipimo vya njia ile, alikadiria kibaba kuwa kama ratili moja na nusu, yaani takriban gramu 680. Kwa hiyo pishi ni karibu kilo 2.7.

Msomaji Mwislamu atakuwa ameshatambua hesabu hii. Katika fiqhi, mudd nne ni saa moja, na zakaatul-fitri ni saa moja ya chakula kinacholiwa na watu wa mji. Wazee wa pwani walilinganisha saa na pishi, na mudd na kibaba. Ndiyo maana mpaka leo, mwisho wa Ramadhani, familia nyingi zinasema "pishi moja kwa kila mtu", hata kama sasa wanapima kwa kilo, na wanazuoni hutaja kati ya kilo mbili na nusu na tatu.

Jambo la kuangalia zaidi ni fidia. Mzee asiyeweza kufunga, au mgonjwa asiyetarajia kupona, hulisha maskini kwa kila siku aliyokula. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, kiasi hicho ni kibaba kimoja kwa kila siku. Tazama vizuri: kipimo kile kile ambacho mwenye msafara alimpimia mpagazi kwa siku, ndicho ambacho mwenye fidia humpimia maskini kwa siku. Kwa hiyo kibaba hakikuwa chombo cha sokoni tu. Kilikuwa jibu la swali hili: mtu mmoja, siku moja, anahitaji chakula kiasi gani?

POSHO YA MPAGAZI

Chakula alichopewa mpagazi kiliitwa posho. Neno hili limezunguka sana. Uganda leo posho ni ugali wa mahindi. Tanzania posho ni pesa anazopewa mtumishi akiwa safarini au kikaoni. Asili yake ni fungu la chakula la kila siku, na fungu la kawaida lilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Pengine mkuu wa msafara hakuwa na nafaka, akawapa wapagazi kitambaa au shanga wakajinunulie vijijini.

Kwa posho hiyo mpagazi alifanya kazi gani? Mzigo wake ulifika frasila mbili, yaani kama kilo 32, mbali na mkeka wake, chungu na silaha. Alitembea saa nyingi juani, siku baada ya siku, na safari ya kutoka pwani mpaka Ujiji ilichukua miezi.

Sasa tufanye hesabu ambayo wao hawakuwa nayo. Gramu 100 za mtama mkavu zina takriban kalori 330, na za mchele takriban 360. Kibaba cha gramu 680 basi kina kalori kati ya 2,200 na 2,500. Kwa mtu aliyekaa ofisini siku nzima hicho ni chakula cha kutosha, na kwa wengi kinazidi. Lakini mwanamume anayebeba kilo 30 kwa saa nyingi huhitaji zaidi ya kalori 3,000. Kibaba peke yake kilimweka hai, hakikumtosha. Pengo alilijaza kwa alichokipata njiani: nyama, maboga, asali, viazi, karanga, na huku ziwani samaki wakavu. Alipokosa vya kuongezea alikonda, na msafara ulipopita katika nchi yenye njaa watu walikufa.

Kwa hiyo mpagazi aliyafahamu mambo mawili ambayo sisi leo tunayasoma katika vitabu vya afya. La kwanza, chakula hupimwa kwa kazi. La pili, ukitoa zaidi ya unachoingiza, mwili hujila wenyewe.

KALORI ILITOKA WAPI?

Wakati misafara inakanyaga njia hizo, wataalamu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakitafuta kujua chakula kinafanya nini ndani ya mwili. Mfaransa Antoine Lavoisier, akiwa na mwenzake Laplace, katika miaka ya 1780 walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Simbilisi ni yule mnyama mdogo anayefugwa mpaka leo Burundi na Kongo. Walipima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mwili wake, wakalinganisha na hewa aliyoitoa. Wakaona kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole: mwili unakitumia chakula kama moto unavyotumia kuni.

Neno kalori likaanza kutumika Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19 kama kipimo cha joto. Kalori moja ya chakula ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja ya selsiasi. Katika miaka ya 1890 Mmarekani Wilbur Atwater na wenzake walijenga chumba kidogo ambamo mtu alikaa kwa siku kadhaa, akila, akilala na kuendesha baiskeli isiyotembea, huku kila kinachoingia na kinachotoka kikipimwa. Kutokana na kazi ya Atwater tukapata hesabu inayotumika mpaka leo: gramu moja ya wanga ina kalori 4, gramu moja ya protini ina kalori 4, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9.

Hapo utaona tofauti ya vipimo viwili. Kibaba hupima ujazo wa nafaka. Kalori hupima nguvu iliyomo ndani ya chakula chochote, kiwe mtama, samaki au mafuta ya mawese. Kibaba kinafaa pale ambapo watu wote wanakula chakula cha aina moja. Sahani ikichanganyika, kibaba hakiwezi tena kusema ukweli wote.

TUMBO LIMEJAA, MWILI UMEPUNGUKIWA

Vita vya Kwanza vya Dunia vilionyesha hatari ya kuangalia uzito wa chakula tu. Kati ya mwaka 1914 na 1918 Waingereza na Wajerumani walipigana Afrika Mashariki, na Wabelgiji wakaingia kutoka Kongo. Katikati ya mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliitwaa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, na mwezi Septemba wakaingia Tabora. Majeshi yote yalitegemea wapagazi. Waingereza peke yao, kwa muda wote wa vita, walichukua watu wanaokaribia milioni moja kwa kazi hiyo. Mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi imebeba jina la kikosi hicho cha wapagazi hadi sasa.

Kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinataja zaidi ya watu 95,000 waliofariki katika kikosi chao. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na maradhi, hasa ya kuhara na ya mapafu, na chakula kilichangia sana. Watu waliozoea ndizi, mtama au maziwa walipewa unga wa mahindi, hawakuwa na kuni za kutosha wala muda wa kuupika ukaiva, na mara nyingi hawakupata maharage, mafuta wala mboga ya kwenda nao. Hali ilipokuwa mbaya mno, wakuu walilazimika kubadili posho na kuongeza vyakula vya aina nyingine, na kuwapa watu wa kuwapikia.

Hili ni somo kubwa kwa anayehesabu kalori leo. Unaweza kupata namba unayoitaka kwa unga na sukari peke yake, na bado ukaharibu mwili wako.

Miaka michache baada ya vita, John Boyd Orr na daktari John Gilks walichunguza Wakikuyu na Wamaasai wa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 1931. Walisema wanaume wa Kimaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, walikuwa warefu kuwapita wa Kikuyu kwa kama sentimita 13, wazito zaidi kwa kama kilo 10, na wenye nguvu zaidi mikononi. Wakikuyu wanaume walikula zaidi nafaka na viazi. Watafiti waliofuata wameukosoa ulinganisho huo, kwa kuwa haukuzingatia vya kutosha tofauti za ukoo na maisha ya watu hao, na kwa kuwa wanawake wa Kikuyu walikuwa na chakula chao bora chenye mboga nyingi za majani. Hata hivyo utafiti huo uliwafanya wakuu wa koloni na wataalamu waanze kuuliza swali ambalo kibaba hakikuliuliza: chakula hiki kinajenga mwili wa namna gani?

WAHADZABE NA WAKIMBIAJI

Tufike karibu na zama zetu. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walitangaza utafiti juu ya Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ambao huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume wao hutembea kama kilomita 11 kwa siku, na wanawake kama 6. Kila mtu alidhani watu hao wanatumia kalori nyingi kuliko mtu wa Marekani anayekaa kwenye gari na ofisini. Walipopimwa kwa njia ya maji maalumu yanayofuatiliwa mwilini, wanaume walionekana kutumia takriban kalori 2,600 kwa siku na wanawake takriban 1,900. Ukizingatia ukubwa wa mwili, hawakuwa na tofauti kubwa na watu wa mijini wa Marekani.

Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukizoea kazi nyingi hubana matumizi katika shughuli zake nyingine za ndani. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya kiasi cha kubana huko. Lakini fundisho la kawaida linakubalika na wengi: mazoezi ni muhimu kwa moyo, mishipa, usingizi na nguvu, ila anayetaka kupunguza uzito kwa kukimbia peke yake, bila kugusa sahani, mara nyingi huvunjika moyo.

Kwa upande wa pili wapo wakimbiaji. Warundi wanakumbuka mwaka 1996 huko Atlanta, Vénuste Niyongabo alipopata dhahabu ya mita 5,000, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Burundi. Juu ya chakula chake hatuna la kusema, lakini wakimbiaji wa majirani zetu wa Kenya walichunguzwa, na matokeo yakatoka mwaka 2004. Wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu walifuatiliwa kwa wiki moja. Walikula takriban kalori 3,000 kwa siku na walitumia takriban 3,600. Zaidi ya robo tatu ya nguvu hiyo ilitoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi na sukari ya chai. Chakula hicho ni cha kawaida kabisa, hakina unga wa makopo unaouzwa ghali. Sukari yao ilichomwa na kilomita walizokimbia siku ile ile.

SAHANI YA MPAGAZI, KITI CHA OFISI

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe. Sisi tumeirithi sahani ya mpagazi, lakini mzigo tumeutua. Tunasifu sahani iliyojaa bugali, tunamwona mgeni hakula mpaka aongezewe mara mbili, na mwili mnene bado baadhi yetu tunauita neema. Desturi hizi zilikuwa na maana kwa mtu aliyetembea na frasila mbili. Kwa mtu anayetoka Kajaga kwa gari au kwa pikipiki ya kukodi mpaka mjini, akakaa, akarudi, hesabu imebadilika. Kibaba chake kimebaki kile kile, na juu yake ameongeza mafuta, soda na maandazi. Kisukari na shinikizo la damu vimekuwa majina ya kila ukoo.

Methali yetu inasema haba na haba hujaza kibaba. Hebu tuone haba zenyewe:

- Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, yawe ya mawese au ya alizeti, kina takriban kalori 120. Vijiko vitatu visivyoonekana ndani ya sombe ni kalori 360, sawa na gramu 100 za mchele mkavu.
- Kijiko cha chai cha sukari, kikiwa sawasawa na ukingo, kina takriban kalori 16. Anayetia vijiko vitatu na kunywa vikombe vinne ameshakunywa karibu kalori 190.
- Chupa ya soda ya sentilita 33 ina takriban kalori 140, na haishibishi.
- Unga wa muhogo na maharage makavu, kwa uzito ulio sawa, vinakaribiana kwa kalori. Lakini unga wa muhogo una protini kidogo sana, na maharage yana zaidi ya gramu 20 katika kila gramu 100.
- Ndagala wakavu wa ziwa letu, nusu na zaidi ya uzito wao ni protini.

Anayetaka kupunguza mafuta ya mwili ajue kwamba kilo moja ya mafuta hayo ni takriban kalori 7,700. Akipunguza kalori 500 kwa siku anaweza kupungua karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni, kisha kasi hupungua kadiri mwili unavyokuwa mwepesi. Hakuna haja ya kujinyima mpaka kizunguzungu. Mara nyingi kalori hizo 500 ni soda, maandazi mawili na mafuta ya ziada.

Kijana anayetaka kujenga misuli naye asikimbilie kula tu. Misuli hujengwa kwa mazoezi ya kunyanyua na kusukuma, na kwa protini ya kutosha, kama gramu 1.2 mpaka 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa kijana wa kilo 60 hiyo ni gramu 72 mpaka 96. Ndagala, maharage, mayai na maziwa vinaweza kumfikisha hapo kwa bei ya soko la Bujumbura, bila kopo la unga kutoka ng'ambo.

Na Ramadhani? Wengi wetu tunafunga siku 30 na kumaliza mwezi tukiwa wazito zaidi. Sababu haimo kwenye saumu, imo kwenye futari: sambusa za kukaanga, juisi ya sukari, uji wa sukari, kisha mlo kamili, kisha daku. Mafundisho tuliyopewa ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi, tunayasikia katika kila darsa ya mwezi huo, na bado tunayaacha mkekani.

UPANDE WA PILI WA MIZANI

Tungekuwa hatujasema haki tungeishia hapo. Waliotangulia walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Katika nchi hii hii, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta watoto 56 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Na maji ya ziwa na ya Rusizi yalipopanda katika miaka ya 2020, familia nyingi za Gatumba na ufuo huu wa kaskazini zilipoteza nyumba na mashamba. Kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na anayehesabu kalori ili apungue na anayehesabu vikombe vya unga ili watoto wafike kesho.

Hesabu ni moja kwa wote wawili. Kwa hiyo tunatahadharisha. Mtoto anayekua, mama mjamzito au anayenyonyesha, na mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa, wasipunguziwe chakula kwa kufuata namba za simu. Hao waende kwa daktari au mtaalamu wa lishe. Binti wa shule asiyeshika mlo kwa kuogopa kunenepa naye asichekwe wala asisifiwe. Azungumzwe naye kwa upole na mapema.

Na hapa tena kibaba kinatufunza kitu ambacho kalori haina. Kalori inamwambia mtu mmoja habari za mwili wake. Kibaba kilikuwa na haki ndani yake. Mpagazi aliyenyimwa posho aliweza kuweka mzigo chini, na kila mtu katika msafara alijua kwamba anayo sababu. Maskini aliyepimiwa fidia hakupewa makombo, alipewa siku nzima ya chakula, kwa kipimo kinachojulikana. Familia inayopunguza mafuta na soda nyumbani kwake inabakiwa na pesa kila wiki. Pesa hizo zikinunua maharage na ndagala kwa jirani mwenye watoto, hesabu zote mbili zitakuwa zimekaa sawa.

Ushauri wetu basi ni mwepesi. Wazazi wakae na kijana wao anayehesabu, wamwombe awaonyeshe. Tafuteni kikombe kimoja cha kupimia mchele na unga, kibaki jikoni, ili mpishi ajue anapikia watu wangapi na wa kazi gani. Anayelima au kubeba apakuliwe zaidi, anayekaa apakuliwe kidogo, bila aibu kwa yeyote. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe. Na kila anapopimiwa mtu wa nyumbani, akumbukwe aliye nje.

Tunamuomba Allaah atujaalie afya katika miili yetu, baraka katika riziki zetu, na huruma kwa walio na njaa. Aamiyn.